Homa Iliyotoka Zizini

Kama unayasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, kadi mkononi, unaona haya kumwambia daktari kwamba homa imerudi tena, basi nakuandikia wewe. Mimi nilikalia mabenchi hayo tangu mahindi yalipokuwa ya kufika magotini mpaka tulipoyavuna. Sikujua naumwa nini, na kibaya zaidi, kuna siku nilianza kuamini kwamba siumwi kitu, ni kichwa changu tu kimeharibika.

Naitwa Rael. Tunaishi nje kidogo ya Ziwa, kituo kidogo cha biashara si mbali na Eldoret, mimi na mume wangu Kimutai, binti yetu Cheptoo, na mama mkwe wangu ambaye nyumba nzima inamwita Kogo, yaani nyanya. Tunalima mahindi na tuna ng'ombe wa maziwa. Kimutai ndiye anayepeleka maziwa kwa ushirika asubuhi, na jina lililo kwenye kitabu cha ushirika ni lake.

Homa ilinianza wakati wa kupalilia mara ya kwanza. Mchana nilikuwa shambani na wengine, tunacheka. Jioni baridi ikanishika, nikavaa sweta mbili na koti la Kimutai juu yake, na bado meno yaligongana. Asubuhi shuka zilikuwa zimeloa kama zimetolewa kwenye karai. Kufika saa nne nilikuwa mzima, nikachota maji, nikapika. Nikasema ni uchovu. Siku ya tatu ikarudi.

Dispensari walisema malaria. Nikameza dawa, homa ikapungua, nikashukuru Mungu. Baada ya wiki mbili ilirudi, na safari hii ilikuja na maumivu ya kiuno. Nikaenda kliniki nyingine, wakasema taifodi.

"Mama, unachemsha maji ya kunywa?"

"Nachemsha."

"Chemsha zaidi."

Nilichemsha mpaka Cheptoo akauliza kama maji yetu yana dhambi. Homa ilirudi. Mhudumu wa tatu hata hakunigusa. Aliangalia kadi yangu, akaona nimekuja mara ngapi, akaweka kalamu chini. "Mama, nyumbani kuko sawa? Una stress?" Nilitoka pale nikalia kando ya barabara, nikijifanya naangalia simu.

Kitu ambacho watu hawakwambii ni jinsi mwili unavyokugeuka. Jasho langu lilianza kunuka, harufu kama ya nyasi zilizooza, na hata nikioga lilikuwa linanirudia. Sketi zilianza kushuka, nikawa nazifunga kwa pini. Kuinama kuwasha moto ilibidi nishike ukuta. Nilikuwa mwanamke wa kubeba gunia, sasa Cheptoo alikuwa ananiinua kutoka kwenye kiti, akifanya kama mchezo ili nisione aibu.

Watu wanaona. Kanisani wanawake wawili walinyamaza nilipokaribia. Jioni moja Kimutai alikuja akasimama mlangoni, hakuingia.

"Kesho twende tukapimwe virusi," alisema.

"Sote?"

"Sote."

Tulienda. Majibu yakatoka, hakuna aliyekuwa na virusi vya UKIMWI. Nilidhani angefurahi. Alikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akasema, "Sasa ni nini?" Na mimi nilikuwa nimetamani, Mungu anisamehe, kwamba wangepata kitu. Ugonjwa wenye jina una dawa. Mimi nilikuwa na homa isiyo na jina na mume asiyejua anikasirikie au anihurumie.

Wakati wa mahindi ya kuchoma nilishindwa kabisa kutembea bila fimbo. Dada yangu Esther, anayeishi mtaa wa Pioneer mjini Eldoret, alikuja mwenyewe kunichukua. Alimwambia Kimutai, "Shemeji, huyu nakaa naye mjini mpaka wajue ni nini," na Kimutai akainua begi langu. Asubuhi iliyofuata Esther alinipandisha boda boda, akamwambia mwendeshaji kila tuta la barabarani alipite kama amebeba mayai, naye akafanya hivyo mpaka hospitali kuu.

Huko ndiko nilikokutana na Dkt. Barasa. Alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, na alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilinitia wasiwasi. Nilifikiri, huyu ananiacha niongee kwa sababu ameona nakufa.

"Kuna utafiti tunafanya," alisema. "Kuhusu homa zinazorudi hivi. Vyuo vikuu viwili vimeungana. Sisi wa hapa tunaangalia watu, wenzetu wa chuo kile kingine ni madaktari wa mifugo, wanaangalia ng'ombe na mbuzi. Na kuna wale wanaoangalia watu wanaishi vipi nyumbani."

"Ng'ombe wanaingiaje kwa homa yangu?"

"Hatujui kama wanaingia. Ndiyo tunataka kujua. Ukikataa, Mama, utatibiwa vilevile kama mgonjwa mwingine."

Nilipompigia Kimutai alipandisha sauti. "Utafiti? Unataka wakufanyie majaribio kama panya? Na ng'ombe wangu wanawahusu nini?" Nilikaa na ile fomu mapajani mpaka karani akaja kuniuliza kama najua kuandika. Nikatia sahihi. Si kwamba niliwaamini. Niliogopa zaidi kurudi nyumbani nikiwa vile nilivyokuja.

Walichukua damu, chupa baada ya chupa. Daktari alisema nyingine itawekwa maabara ingojewe kama kuna kitu kitaota, na kuota kunachukua muda. Nikaruhusiwa nirudi Ziwa kwa siku chache, maana gari la utafiti lilikuwa linakuja kwetu.

Lilikuja na watu wawili. Mmoja alikuwa Dkt. Mwangi, daktari wa mifugo wa chuo kile kingine, mwanamume mnene mwenye buti za mpira. Wa pili ni msichana mmoja mrefu anayeitwa Akinyi, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo ya kuangalia watu wanavyoishi. Kimutai aliwapokea zizini, shingo upande. Mimi nilikuwa nimeketi jikoni, dirisha liko wazi, nasikia.

"Mzee, nani anahudumia ng'ombe hapa?"

"Ni mimi."

"Kukamua, kuzalisha, kila kitu?"

"Mimi ndiye mfugaji."

"Na kuna yeyote ametupa mimba mwaka huu?"

Kimutai hakukawia hata kidogo. "Hakuna."

Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili. Kimutai hakuwa mwongo. Lakini nilijua anachoogopa. Neno kama hilo likifika kwa ushirika, maziwa yetu yatarudishwa, na bila maziwa sisi ni nini?

Dkt. Mwangi akaendelea kutoa damu ng'ombe. Akinyi akaja jikoni, akauliza kama anaweza kukaa. Hakutoa karatasi. Alinisaidia kumenya viazi, akasema, "Mama, hebu niambie siku yako inaanzaje. Ile siku ya kabla hujaugua."

Nikamwambia. Naamka, nawasha moto, nakamua, kwa sababu Kimutai vidole vyake vinamuuma asubuhi. Nafagia zizi. Kukiwa na ng'ombe wa kuzaa, nakaa naye.

"Kwa hivyo anayezalisha ni wewe?"

"Mkono wangu ni mdogo," nilisema.

"Na mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Kisu kilisimama chenyewe. Niliangalia mlango, sikumwona Kimutai. Nikamwambia habari za Neema, yule ng'ombe wetu wa madoa, ambaye wakati wa kiangazi alitupa ndama kabla ya siku zake. Kondo la nyuma lilikataa kutoka. Nililitoa mimi, kwa mikono mitupu, mpaka kwenye kiwiko, na nilikuwa na mkwaruzo wa waya kwenye kidole. Kisha nikaosha kwa sabuni ya kufulia nikaenda kupika.

Akinyi akauliza polepole, "Kuna daktari yeyote amewahi kukuuliza hili?"

"Daktari wa watu aniulize mambo ya ng'ombe?"

Aliomba ruhusa yangu awaambie wenzake. Nilimwambia awaambie, akatoka. Nilikuwa nimemuumbua mume wangu kwa wageni.

Kimutai alijua jioni hiyohiyo, maana Dkt. Mwangi alirudi zizini kumpima Neema mara ya pili. Hakunifokea. Aliacha kula chakula nilichopika, na hilo liliniuma kuliko makelele. Kogo ndiye aliyesema, na alisema na jiko, si na mimi: "Nimekunywa maziwa ya ng'ombe maisha yangu yote, sijawahi kuugua. Leo ng'ombe wamekuwa wachawi."

Kisha tukangoja. Sijui niueleze vipi muda ule. Simu ikilia nilikuwa nakimbia, mimi mwenye fimbo. Kampuni ya simu ikituma ujumbe, naufungua mbio. Nikapiga hospitali, wakasema majibu yanasubiri chuo kile kingine. Akinyi akanipa nambari ya chuo kile kingine, nikapiga, mtu akanijibu kwa adabu kwamba majibu ya binadamu hayako kwao. Homa ilikuwa inakuja kila jioni sasa, na kiuno kilikuwa kama kimepigiliwa msumari. Na juu ya hayo Cheptoo alirudi shuleni siku moja akisema kichwa kinamuuma. Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa moto.

Cheptoo alikunywa maziwa kila siku, na mara nyingi alikunywa mursik ya Kogo, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, ambayo Kogo hakuwahi kuyachemsha kwanza kwa sababu anasema moto unaua utamu.

Sikungoja ruhusa ya mtu. Nilimchukua Cheptoo tukaenda Eldoret. Tulifika kwenye ofisi ya utafiti, karani akasema wako mkutanoni. Tukakaa kwenye benchi nje ya mlango. Mlango haukufungwa vizuri, na nilisikia sauti ya Dkt. Barasa.

"Majibu ya damu yake ninayo tangu juzi. Kila siku ninayokaa nayo uti wa mgongo unaharibika. Naanza dawa leo."

"Anza," Dkt. Mwangi alijibu. "Lakini ukimwambia ni ng'ombe kabla maabara yetu haijathibitisha, kesho kijiji kizima maziwa yao yamemwagwa. Umeona watu wakimwagiwa maziwa wewe? Makubaliano ya vyuo yanasema majibu yanatoka pamoja."

"Makubaliano hayaumwi."

"Na wewe hutaishi nao Ziwa."

Nilisikia kila mmoja, na cha kunitisha ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema kweli. Kisha sauti ya Akinyi, chini sana:

"Makubaliano tuliandika sisi. Yeye hakuwepo. Na saa hii yuko nje hapo na mtoto, anasikia."

Dkt. Barasa akafungua mlango. Alinitazama, akamtazama Cheptoo, akasema, "Mama, samahani. Ingieni."

Waliniambia wote watatu, wakipokezana. Ugonjwa wangu unaitwa brusela. Unatoka kwa mifugo, unapita kwenye maziwa mabichi na kwenye mikono ya anayezalisha. Umefika kwenye mgongo wangu lakini una dawa. Huenda Neema anao, na ng'ombe mwingine pia, wanangoja kuhakikisha. Dkt. Mwangi aliahidi kwamba atakwenda mwenyewe kwa ushirika kueleza, na hatataja boma la mtu. Mimi nilisikia neno moja tu, dawa. Nikaanza kucheka, kisha nikalia, kisha nikasema, "Mpimeni mtoto."

Wakampima Cheptoo. Na wakasema nyumba nzima ije.

Nilibaki kwa Esther kwa ajili ya sindano. Zilikuwa kumi na nne, moja kila siku, na mimi bado nahesabu msimu ule kwa hizo sindano. Ya kwanza sikuihisi kwa furaha. Ya tatu nilikuwa nakaa upande mmoja. Vidonge vilikuwa vya kila aina, na siku ya pili nilikwenda haja ndogo nikaona rangi ya machungwa, nikapiga yowe, Esther akaja mbio. Hakuna aliyekuwa amenionya. Hata machozi yaliacha alama kwenye mto. Kama na wewe umepewa vidonge hivyo, jua ni dawa, si damu.

Kwenye benchi la sindano ndiko nilikompata Mama Halima. Ana duka mtaa wa West Indies pale mjini, watu wake ni wa kaskazini, na brusela yake ilitokana na maziwa ya ngamia anayoletewa na ndugu zake. Alikuwa sindano tatu mbele yangu. Kila asubuhi alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na vikombe viwili.

"Kunywa, mama. Ukiogopa na tumbo tupu unaogopa mara mbili."

Nilimwuliza kama mume wake alikasirika. Akacheka mpaka muuguzi akatoka kuangalia. "Mume wangu? Mimi mwenyewe nilikasirika. Miaka yote nauzia watu, nasema maziwa haya ni dawa. Sasa nachemsha mbele ya mteja, aone kwa macho yake." Halafu akanishika goti. "Mtoto wako, wamekwambia?"

"Bado."

Majibu ya nyumba yalikuja siku ya sindano ya sita. Dkt. Barasa alitoka mwenyewe mpaka kwenye benchi, na nilipomwona anatembea haraka nilishika mkono wa Mama Halima.

"Cheptoo hana. Ilikuwa mafua tu. Kogo hana." Akakaa karibu nami. "Mzee Kimutai anao."

Nilidhani amekosea jina. Nikakumbuka vidole vyake vya asubuhi, anavyoshuka kitandani kwa kutanguliza mguu mmoja, anavyosema ni baridi, ni uzee, ni jembe. Mwaka mzima nilikuwa namtazama mtu anayeumwa kama mimi, na sikumwona.

Alikuja siku iliyofuata, amevaa koti lake la kanisani kana kwamba amealikwa. Alikaa upande wangu wa pili. Mama Halima akamtazama, akammiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe.

"Nilijua kuna kitu," Kimutai alisema, akiangalia sakafu. "Tangu Krismasi. Nilifikiri nikisema, tutakuwa wagonjwa wawili, na boma nani atalishika." Baadaye akaongeza, "Wewe ndiye umekuwa ukizalisha ng'ombe wangu. Nilimwambia yule daktari ni mimi. Hata sikuona kama nadanganya."

Muuguzi akaita jina lake. Alisimama vibaya, nikampa fimbo yangu.

Neema na ng'ombe mwingine waliondolewa bomani. Dkt. Mwangi alisimamia, na Kimutai alisimama getini mpaka gari likapotea, kisha akaenda shambani akakaa huko hadi kiza. Dkt. Mwangi alikwenda kwa ushirika kama alivyosema, akafundisha watu wote pamoja, na hakuna maziwa yaliyomwagwa. Kogo alikataa kuchemsha kwa wiki nzima. Kisha siku moja nikamkuta amebandika sufuria, ameipa mgongo, kana kwamba mtu mwingine ndiye ameiweka.

Tulivuna bila mimi kubeba hata debe. Vidonge niliendelea navyo baada ya mavuno, na Kimutai vilevile, tunakumbushana kama watoto. Daktari hakunificha kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi. Kwa hiyo bado kila jioni najigusa shingo. Nikitoka jasho kwa sababu ya blanketi zito nakaa macho nikiuliza, ni wewe? Sitakudanganya kwamba hofu iliisha siku dawa zilipoisha.

Vyuo vile viwili viliandika makubaliano yao upya. Tuliitwa, mimi na Mama Halima, tukaketi kwenye chumba chenye maprofesa na chupa za maji. Walipotuuliza tulichoona, mimi niliogopa kuanza. Mama Halima ndiye aliyesema mgonjwa aambiwe siku ileile, na daktari wa watu na wa mifugo wapande gari moja. Profesa mmoja akasema kuna ugumu wa taratibu. Mama Halima akamwuliza ugumu huo unaumwa wapi. Waliandika. Sasa jibu likitoka linasemwa siku hiyohiyo, na wanakuja kwenye boma wote watatu. Mara nyingine wananiomba niwasindikize.

Juzi tulikwenda kwa mwanamke mmoja ng'ambo ya mto. Mume wake alikuwa zizini na Dkt. Mwangi, anamwambia ng'ombe wote ni wake na wote wako sawa. Mke alikuwa amekaa jikoni, sweta mbili, jua kali nje. Alituambia yeye hana shida, ni uchovu wa kazi. Akinyi akanitazama. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, na badala ya kuuliza nikamwambia habari za jasho langu, harufu yake, na yule mhudumu aliyeweka kalamu chini.

Alisukuma ukuni ndani ya moto.

"Mimi waliniambia ni mawazo," alisema.

"Najua."

"Mume wangu atasema nini?"

"Sijui," nilimwambia, maana sikujua. "Lakini benchini nitakaa na wewe."

Alisimama akishika ukuta, akafunika moto kwa jivu, akachukua kitambaa cha kichwa. Hospitalini watu walikuwa wengi, tukapata nafasi ndogo mwisho wa benchi, tukabanana. Walipoita jina lake alinishika mkono kwa nguvu, na tukaingia wote wawili.